Okidi imegeuka njano? Weka chini hilo jagi la maji!

Wiki hii mada zetu za mapenzi nazipa likizo fupi, ingawa kama utakavyoona hayatakuwa mbali sana. Tunaingia sebuleni, tunasimama dirishani, kwenye lile ua linalojiona kimwana kuliko yote: okidi.

Ua hili limeingia mjini kwa fujo. Ukienda kwenye send-off lipo mezani. Ukiingia ofisi za wazito, lipo mapokezi limekaa kama sekretari. Kijana akitaka kumwonyesha mchumba kwamba yeye si wa mchezo, anaachana na waridi linalokauka baada ya siku tatu, anabeba okidi nzima na chungu chake. Na bei yake, wenyewe mnajua, si ya kuchezea.

Kasheshe inaanza miezi michache baadaye. Jani moja linageuka njano. Kesho la pili. Mwenye ua presha juu. Anachukua jagi, anamwaga maji. Hali inazidi, anaongeza maji. Mwisho wa mwezi ua limekwenda na maji, na mtu anaapa kwamba okidi ina nuksi.

Haina nuksi. Mimi si profesa wa mimea, lakini huu ni mwaka wa tisa naishi na okidi kwenye flati yangu ya ghorofa ya tatu hapa Dar, na watu wamenizoea kiasi kwamba simu yangu ina picha nyingi za majani wagonjwa kuliko picha za ndugu zangu. Kitu nilichojifunza ni kwamba jani halibadiliki rangi bure. Linasema. Kazi ni kujua linasema nini kabla hujakimbilia dawa.

MJUE KWANZA MGENI WAKO

Ukoo wa okidi ni mkubwa mno, una aina zaidi ya 25,000 duniani. Vanila unayoila kwenye aiskrimu inatoka kwenye okidi, na wenzetu wa Kagera wanailima. Kule Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, zipo okidi za porini za aina nyingi, na eneo hilo likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Jina lenyewe la okidi, naomba watoto waondoke kidogo, limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya korodani, kwa sababu baadhi ya aina za kule kwao zina viazi viwili chini ya ardhi vinavyokaa pamoja. Haya, watoto warudi.

Ile unayouziwa mjini mara nyingi ni moja, inaitwa Phalaenopsis. Ina majani mapana, manene, yaliyopangana kushoto na kulia, na kikonyo kirefu chenye maua yanayofanana na nondo, wale wadudu wa usiku wanaozunguka taa. Jina hilo alilipa Mholanzi mmoja, Blume, mwaka 1825, na maana yake ni hiyo hiyo, kufanana na nondo. Kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino na Indonesia huko, na kwao haioti kwenye udongo. Inaota juu ya miti, imeng'ang'ania magome, mizizi ikiwa nje inapigwa na upepo. Mvua ikinyesha inalowa, mvua ikikata inakauka.

Shika hilo neno moja, hewa, maana magonjwa mengi ya majani yanaanzia hapo.

MASWALI MATATU KABLA YA TIBA

Mtu akinitumia picha, simjibu dawa. Namuuliza maswali matatu. La kwanza, ni jani lipi, la chini kabisa, la katikati au la juu? La pili, ni majani mangapi na yamebadilika kwa siku ngapi? La tatu, hapo palipobadilika ukigusa ni pakavu au pana majimaji? Majibu hayo matatu yanamaliza nusu ya kazi. Sasa nikupeleke nyumba kwa nyumba uone.

KISA CHA SINZA: KIU NDANI YA MAJI

Dada mmoja wa Sinza, mwenye miaka 24, alinipigia usiku analia. Mchumba wake yuko mgodini huko Kanda ya Ziwa. Kabla ya kuondoka alimwachia okidi nyeupe na maneno mazito: "Ukilitunza hili, najua na mimi utanitunza." Kila Jumapili binti anampiga picha ua na kumtumia. Majani matatu ya chini yakageuka njano ndani ya wiki mbili, yaliyobaki yakalegea kama ulimi wa mbwa kwenye jua. Akaanza kupiga picha upande mmoja tu, ule mzuri. Wiki zikaenda, upande mzuri ukaisha.

"Dada, mimi namwagilia kila siku," akaniambia. "Asubuhi na jioni."

Nikakinyanyua chungu. Kizito kama tofali. Chungu chenyewe cha udongo uliong'arishwa, kimefungwa utepe wa dhahabu, na chini hakina tundu hata la sindano. Tulipoutoa mmea, maji yalitoka yananuka. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiibana inateleza na kubaki uzi katikati.

Hapa msomaji nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapochemsha. Mzizi wa okidi umevikwa ganda kama sponji. Ukiwa mkavu ni mweupe wa fedha, ukilowa unakuwa wa kijani. Ukikaa kwenye maji muda mrefu unakosa hewa na unaoza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa. Kwa hiyo majani yanakuwa na kiu wakati mmea umekaa ndani ya maji! Mwenye ua anaona majani yamelegea, anadhani ni kiu ya kawaida, anaongeza maji. Anazidi kuuzamisha.

Tiba yake haina uchawi. Chukua mkasi, pitisha ncha kwenye moto au ipanguse na spiriti. Kata mizizi yote iliyolainika, acha iliyo migumu hata kama ina sura mbaya. Osha iliyobaki kwa maji safi, uache mmea kivulini siku moja mbili ili majeraha yakauke. Kisha upande upya kwenye kopo la plastiki lenye matundu mengi, lakini usiweke udongo. Weka vipande vya magome ya miti. Ukikosa, sisi wa pwani tumebarikiwa makumbi ya nazi. Kata vipande vya ukubwa wa kete za dhumna, loweka siku mbili tatu huku unabadilisha maji ili chumvi itoke, changanya na vipande vya mkaa. Subiri tena siku tatu nne ndipo umwagilie.

Jani lililokwisha kuwa njano halirudi kuwa kijani, hata ulisomee dua. Tulibakiza majani mawili kwa yule binti. Nikamwambia hali hiyo ndiyo ampigie picha na kumtumia jamaa, kwa sababu ua halipimi mapenzi, na isitoshe chungu kisicho na tundu si yeye aliyekichagua. Alitetemeka, akatuma. Jamaa alikaa kimya nusu saa. Kisha akajibu: "Kumbe mimi ndiye niliyelizamisha. Nikija nitaleta makumbi." Baada ya wiki kama sita ncha mpya ya mzizi, ya kijani, ikachungulia. Mwezi wa nne jani jipya likatoka.

KISA CHA MAGOMENI: ALIYEUNGUA JUANI

Kinyozi mmoja wa Magomeni aliamua kuipa saluni yake hadhi. Akaweka okidi ya zambarau kwenye kioo cha mbele kinachotazama magharibi. Wateja wakasifu. Baada ya siku kumi jani la juu likapata baka kubwa jeupe, kisha la rangi ya karatasi ya kaki, kavu, limezungukwa na weusi. Kaka wa watu akajua ni wadudu. Akalipulizia dawa ya mbu!

"Sista, hawa wadudu ni sugu," ananiambia.

Nikamwambia aweke mkono kwenye jani saa tisa alasiri. Akautoa haraka. Jani lilikuwa la moto. Huyo si mdudu, ni jua. Porini mmea huu unaishi chini ya kivuli cha miti mikubwa, jua la moja kwa moja la mchana linaupika. Baka la jua linatokea upande uliotazama mwanga, ni kavu, na halisambai ukishauhamisha mmea. Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kulikata jani. Liache, sehemu ya kijani iliyobaki bado inaupikia mmea chakula.

Dirisha zuri ni la mashariki, linalopata jua changa la asubuhi. Kama dirisha lako ni la magharibi, weka pazia jepesi au sogeza ua ndani mita moja mbili. Kipimo cha bure ni hiki: nyoosha mkono kama sentimita 30 juu ya majani saa sita mchana. Kivuli cha mkono kikiwa hafifu, kingo zake hazionekani vizuri, hapo poa. Kikiwa kikali kama kimechorwa kwa wino, jua limezidi. Usipoona kivuli kabisa, giza limezidi.

Maana na giza nalo lina alama yake. Majani yanakuwa ya kijani kizito, marefu, malaini, yanapendeza kwa macho lakini ua halitoki mwaka mzima. Okidi yenye raha ina kijani cha wastani, kinachoelekea kwenye kijani kichanga. Ukiona wekundu wa zambarau kwenye kingo za majani, mara nyingi ni mwanga umefika kikomo, au ndiyo asili ya aina hiyo, hasa zenye maua mekundu. Usiingiwe na hofu.

PASIPO NA UGONJWA USITAFUTE

Nusu ya picha ninazotumiwa ni hizi: jani moja tu, la chini kabisa, linageuka njano taratibu kwa wiki kadhaa, wakati majani mengine yamesimama imara na jipya linatoka juu. Huo ni uzee, msomaji. Mmea unavuta chakula kutoka jani kuukuu na kulipa jipya. Acha likauke lenyewe, litadondoka au utalivuta kwa vidole viwili. Ukilikata likiwa bado na ubichi unafungua kidonda bila sababu.

Lakini njano ikianzia JUU, kwenye jani changa au kitovuni pale majani yanapokutana, hiyo ni noma. Mara nyingi maji yametuama kitovuni usiku na pameanza kuoza. Kwao porini mmea unaota umeinama, maji yanamwagika yenyewe. Sisi tumeusimamisha wima kama askari wa gwaride, maji yanakaa. Mwagilia asubuhi, kwenye mizizi tu, na tone likiingia kitovuni lifyonze kwa tishu.

MADOA YA MAJIMAJI: HAPA HAKUNA KUSUBIRI

Ukiona doa la kahawia au jeusi lenye majimaji, limezungukwa na duara la njano, na kesho limekua kuliko jana, hao ni bakteria. Joto letu la Dar na unyevu wake ni kama dansi kwao, hasa kipindi cha masika. Wengine wanaozesha jani lote kwa siku chache na harufu juu.

Hapa ndipo mkasi unaposema. Kata eneo lote la ugonjwa na uingie sentimita moja mbili kwenye kijani kizima. Choma au pangusa mkasi kwa spiriti kila baada ya mkato. Penye kidonda cha jani pakaushe, unaweza kupaka unga wa mdalasini, ule wa pilau, lakini usiuguse kwenye mizizi maana unaikausha. Tenga mmea huo na wenzake, acha kumwagia majani maji, fungua dirisha hewa ipite.

WADUDU NA MBOLEA

Geuza jani, tazama chini yake. Ukiona rangi imepauka kama limepakwa vumbi la fedha, na vidoa vidogo mno, huo ni utitiri, na unapenda sana vyumba vikavu vya kiyoyozi. Ukiona kama vipande vya pamba kwenye makwapa ya majani, hao ni vidung'ata. Utitiri pangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, pande zote mbili. Vidung'ata waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti. Rudia kila wiki kwa wiki tatu nne, kwa sababu mayai yanabaki. Na kile kiyoyozi kisipulize ua moja kwa moja.

Upande wa chakula, mmea usiopata mbolea mwaka mzima unapauka wote taratibu, majani ya zamani yakitangulia. Huo ni upungufu wa naitrojeni. Jani la zamani likiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa imebaki kijani, mara nyingi ni magnesi. Lakini usimwage mbolea kama unalima mahindi. Tumia robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa wiki mbili, mizizi ikiwa imelowa tayari. Mbolea ikizidi, ncha za majani na za mizizi zinaungua na kuwa nyeusi. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sehemu nyingi za Dar tunayajua, yanafanya vivyo hivyo. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo. Hayalipiwi bili.

KISA CHA UPANGA: MKASI MMOJA, VYUNGU KUMI NA VIWILI

Hiki nimekiacha mwisho kwa sababu ndicho kigumu. Mama mmoja mjane wa Upanga, mwenye okidi kumi na mbili, aliniita. Nikamwamkia, akanikaribisha chai, kisha akanionyesha chungu kimoja. Majani yalikuwa na michirizi ya njano na vishimo vilivyodidimia, vingine vyeusi, vimepangana kama mosaiki. Maji sawa, mwanga sawa, mizizi mizima.

"Mama, mkasi unatumia upi?"

Akanionyesha mmoja. Miaka yote, vyungu vyote, mkasi huo huo, haujaona moto.

Dalili zile zinaelekea kwenye virusi. Okidi zina virusi vyake, haviambukizi binadamu wala paka, lakini vinahama kwa utomvu kupitia mkasi na mikono. Havina dawa. Kwa macho peke yake huwezi kuapa, kipimo chake kipo, kijiti kinachofanana na kile cha kupimia mimba, lakini mama hakuwa nacho. Ushauri wa kawaida ni kuuchoma mmea ili kuokoa mingine.

Akanitazama. "Mwanangu, hiki ndicho marehemu alichoniletea tulipotimiza miaka thelathini ya ndoa. Hivyo vingine nimenunua mwenyewe."

Nilinyamaza. Kisha nikamweleza ukweli mwingine, kwamba okidi yenye virusi inaweza kuishi miaka na hata kutoa maua, ilimradi isiguse wenzake. Chaguo likawa lake. Chungu kile kikahamia baraza ya jikoni, peke yake, na mkasi wake wenyewe uliofungwa uzi mwekundu. Vile kumi na kimoja vikapata mkasi mpya na kiberiti kando yake.

KATA UBANDIKE UKUTANI

1. Jani moja la chini, polepole: uzee. Usifanye kitu.
2. Majani kadhaa ya chini kwa pamoja, yamelegea: toa mmea, kagua mizizi.
3. Baka kavu jeupe au la kaki upande wa jua: hamisha ua.
4. Doa la majimaji linalokua: kata leo, usingoje kesho.
5. Njano kitovuni: ondoa maji, ongeza hewa.
6. Vidoa vya fedha chini ya jani: utitiri, panguse kila wiki.
7. Michirizi na vishimo: tenga, usichanganye mkasi.

Na maji? Hakuna ratiba ya ukutani. Nyanyua chungu, kikiwa chepesi na mizizi imekuwa ya fedha, mwagilia mpaka yatoke chini, uache yachuruzike yote. Kwa joto letu mara nyingi ni kila baada ya siku nne mpaka saba. Kikiwa kizito, kaa mbali nacho, kamwagilie mchicha.

Jambo moja la mwisho. Kuna wajanja wanakuja na okidi za porini zilizong'olewa, wanauza bei poa. Usinunue. Biashara ya okidi kati ya nchi na nchi inabanwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na kule nyanda za juu viazi vyake vimechimbwa sana na kuvushwa kwenda Zambia, ambako wanapika chikanda. Zaidi ya hayo, okidi iliyong'olewa mtini mara nyingi inakufia mkononi, na hapo hata mimi utanipigia bure.

Wiki ijayo tunarudi kwenye uwanja wetu: mpenzi anayeazima simu yako kila saa, anatafuta nini? Mpaka hapo, lala salama, na usimwagilie usiku.